Utabiri wa Uzalishaji wa Umeme wa Vyanzo Mseto kwa Ujifunzaji wa Matabaka Mengi: Ufafanuzi wa Dhana na Istilahi kwa Mfano wa Nyantakara na Maporomoko ya Rusumo

IKISIRI

Makala haya yanafafanua namna kompyuta inavyoweza kufundishwa kutabiri kiasi cha umeme kitakachozalishwa na vyanzo vilivyochanganywa, yaani maji, jua, upepo na mafuta au gesi. Mfano unaotumika ni wa eneo la Nyantakara, katika wilaya za Biharamulo na Ngara mkoani Kagera, ambalo linapakana na mfumo mpya wa umeme wa Maporomoko ya Rusumo. Hoja kuu ni mbili. Kwanza, utabiri wa namna hii hutegemea zaidi ubora na maana ya data kuliko ukubwa wa mashine inayojifunza. Pili, istilahi za Kiswahili zinazotumika sasa kuelezea taaluma hii zinaficha baadhi ya mambo ambayo mtumiaji wa umeme ana haki ya kuyafahamu, hasa kiwango cha shaka kilichomo ndani ya kila utabiri. Makala yanapendekeza istilahi chache na kutoa sababu za kuzipendekeza.

1.0 UTANGULIZI

Methali isemayo "dalili ya mvua ni mawingu" ina mantiki yote ya utabiri. Kuna kinachoonekana (mawingu), kuna kisichoonekana bado (mvua), na kuna uhusiano baina ya viwili hivyo ambao umejulikana kwa kushuhudiwa mara nyingi. Methali haisemi kwamba mawingu ni mvua, wala kwamba kila wingu hunyesha. Inasema ni dalili. Taaluma ya utabiri wa umeme inayojadiliwa katika makala haya haijaondoka mbali na mantiki hiyo. Tofauti ni kwamba dalili zimekuwa maelfu, na kazi ya kuzipima uzito imekabidhiwa kompyuta.

Taaluma hii imeandikwa kwa wingi katika lugha za kigeni. Kwa Kiswahili imeandikwa kidogo, na aghalabu katika habari fupi za magazeti ambamo "akili mnemba", "akili unde" na "akili bandia" hutumika kwa kubadilishana bila kuelezwa kinachofanyika ndani ya mashine. Pengo hilo lina athari. Mtaalamu, mwanafunzi au kiongozi wa kata anapoambiwa kwamba mashine "imetabiri" umeme wa kesho, hana namna ya kuuliza maswali ya msingi: imetabiri kutokana na nini, inakosea kwa kiasi gani, na ikikosea, ni nani atakayekaa gizani? Makala haya yanakusudia kuyawezesha maswali hayo kuulizwa kwa Kiswahili.

2.0 MAHALI NA VYANZO VYAKE VYA UMEME

Nyantakara ni jina la kata na la msitu wa hifadhi katika ukanda wa Biharamulo na Ngara, kusini-magharibi mwa Ziwa Viktoria, takribani nyuzi tatu kusini mwa Ikweta. Mvua za eneo hili huja kwa misimu miwili, vuli na masika, na kiangazi kirefu huangukia kati ya Juni na Agosti. Kwa kuwa mahali ni karibu na Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Kinachobadilisha nguvu ya jua ni mawingu zaidi kuliko majira.

Kwa miaka mingi miji ya Biharamulo na Ngara ilipata umeme kutoka kwa jenereta za dizeli zilizokuwa zimejitenga na Gridi ya Taifa, ilhali sehemu ya kaskazini ya mkoa wa Kagera ilitegemea umeme unaonunuliwa kutoka Uganda kupitia Kyaka. Hali ilianza kubadilika baada ya kujengwa kwa njia ya kusafirisha umeme ya msongo wa kilovoti 220 kutoka Geita hadi Nyakanazi, wilayani Biharamulo, ambako pana kituo cha kupoza umeme. Kituo hichohicho ndicho kinachopokea njia itokayo Rusumo.

Mtambo wa Rusumo umejengwa kwenye Mto Kagera, mpakani mwa Tanzania na Rwanda, na unamilikiwa kwa pamoja na Tanzania, Rwanda na Burundi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 340 kwa mradi huo mwaka 2013, na uzalishaji ulianza mwaka 2023. Uwezo wake ni megawati 80 kwa mashine tatu, na kila nchi ina haki ya theluthi moja, yaani takribani megawati 26.7. Muhimu kwa mada hii ni kwamba mtambo huu hautegemei bwawa kubwa la kuhifadhi maji. Usanifu wa awali ulifikiria bwawa, ukabadilishwa ili kupunguza idadi ya watu ambao wangehamishwa na ardhi ambayo ingefunikwa. Kwa hiyo, maji yanayofika leo ndiyo yanayozungusha mashine leo. Pasipo na ghala, thamani ya kujua kitakachokuja huongezeka.

Umeme unaofika Nyakanazi huchanganyika na ule wa gridi nzima. Humo mna umeme wa maji wa Kidatu (megawati 204), Kihansi (180), Mtera (80) na Bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, ambalo mashine yake ya kwanza kati ya tisa ilianza kazi Februari 2024 na uwezo wake wote ni megawati 2,115. Mna pia umeme wa gesi asilia wa Kinyerezi na Ubungo. Umeme wa jua unaingia polepole: huko Kishapu, mkoani Shinyanga, umebuniwa mradi wa megawati 150 ambao awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Upepo bado ni mdogo nchini Tanzania. Kwa chanzo hicho mfano bora uko Kenya, katika mradi wa Ziwa Turkana wenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310.

3.0 KINACHOTABIRIWA

Kabla ya kueleza namna ya kutabiri, ni vyema kubainisha kinachotabiriwa. Megawati ni kipimo cha kasi ya kuzalisha nishati kwa wakati fulani. Megawati-saa ni kipimo cha nishati iliyokwisha kuzalishwa. Mtambo wa megawati 80 ukifanya kazi kwa uwezo wake wote kwa saa 24 huzalisha megawati-saa 1,920. Mwandishi akisema "mtambo umezalisha megawati 80 kwa siku", hajasema lolote linaloweza kukaguliwa.

Jambo la pili ni upeo wa utabiri. Utabiri wa dakika chache humsaidia msimamizi wa gridi kusawazisha mashine zinazozunguka. Utabiri wa kesho humsaidia kuamua ni mashine gani ya gesi iwashwe na ipi ipumzishwe. Utabiri wa msimu husaidia kupanga matengenezo na kujadiliana kuhusu umeme wa kuvuka mipaka. Mashine iliyo hodari katika upeo mmoja yaweza kuwa dhaifu katika mwingine.

Kila chanzo kina tabia yake, na tabia hiyo ni ya kifizikia kabla ya kuwa ya kitakwimu. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na wingi wa maji yanayopita, kimo cha anguko na ufanisi wa mashine. Kila mita moja ya ujazo ya maji kwa sekunde inayoanguka mita 30, kwa ufanisi wa asilimia 90, hutoa takribani kilowati 265. Uhusiano huo ni wa moja kwa moja: maji yakiongezeka kwa sehemu ya kumi, umeme nao huongezeka kwa sehemu ya kumi, mpaka mashine zifikie ukomo wake. Upepo hauna upole huo. Nguvu yake hufuata mchemraba wa mwendo. Upepo ukipanda kutoka mita 6 hadi mita 7 kwa sekunde, mwendo umeongezeka kwa asilimia 17 tu, lakini nguvu imeongezeka kwa asilimia 59. Kosa dogo katika kutabiri upepo huwa kosa kubwa katika kutabiri umeme wake.

Kuhusu mseto wenyewe, kuna kanuni inayosahauliwa mara nyingi: makosa ya vyanzo viwili hayajumlishwi kama mahindi ghalani. Chukuliwe mfano kwamba kosa la kawaida la utabiri wa jua ni megawati 3 na la upepo ni megawati 4. Iwapo makosa hayo hayahusiani, kosa la jumla ni megawati 5, wala si 7. Iwapo yanakwenda sambamba, linafika 7. Iwapo moja hupanda lingine linaposhuka, laweza kushuka hata kufikia 1. Ndiyo sababu utabiri wa vyanzo mseto haupaswi kuwa jumla ya tabiri zilizofanywa kila moja peke yake. Wingu linalopunguza jua la leo juu ya Biharamulo ni sehemu ya mvua itakayoongeza maji ya mto siku zijazo, na mashine inayovitazama vyote pamoja ina nafasi ya kuujua undugu huo.

4.0 NAMNA MASHINE INAVYOJIFUNZA

4.1 Kutoka kanuni hadi mifano

Njia ya kale ya utabiri wa mfuatano wa namba ni ya kitakwimu. Box na Jenkins, katika kitabu chao cha mwaka 1970, waliiweka katika utaratibu unaotumika hadi leo: thamani ya kesho huelezwa kama mchanganyo wa thamani za siku zilizopita na makosa yaliyopita, kila moja ikiwa imezidishwa kwa kizigeu chake. Njia hii ni nyepesi na inaeleweka. Udhaifu wake ni kwamba huchukulia mahusiano kuwa ya mstari ulionyooka, ilhali, kama ilivyoonekana katika sehemu ya 3.0, upepo haufuati mstari.

Mtandao wa neva bandia hufuata njia nyingine. Wazo lake ni la zamani: McCulloch na Pitts walilitoa kihisabati mwaka 1943. Kila neva hupokea namba kadhaa, huzidisha kila moja kwa kizigeu chake, hujumlisha, kisha huipitisha jumla hiyo katika kanuni inayoikunja. Neva zikipangwa sambamba huunda tabaka. Matokeo ya tabaka moja huwa maingizo ya tabaka linalofuata. Matabaka yakiwa mengi, mahusiano yaliyopinda kwa namna ngumu huweza kuwakilishwa.

Kujifunza maana yake ni kurekebisha vizigeu. Mashine hupewa mfano wa zamani, kwa mfano mvua, mawingu, joto na kina cha mto vya wiki iliyopita, ikatakiwa itaje umeme uliozalishwa siku iliyofuata. Jibu lake hulinganishwa na ukweli uliorekodiwa. Kosa hurudishwa nyuma kutoka tabaka la mwisho hadi la kwanza, na kila kizigeu husogezwa kidogo upande unaopunguza kosa. Utaratibu huu ulijulikana sana kufuatia makala ya Rumelhart, Hinton na Williams ya mwaka 1986. Hurudiwa mara maelfu. Hakuna mahali ambapo mashine huambiwa kwamba maji huanguka au kwamba jua huzama. Hayo huyapata, kama inayapata, katika mifano.

4.2 Kumbukumbu

Umeme wa mto una tatizo la pekee. Mto Kagera, unapofika Rusumo, umekwisha kupokea maji ya Nyabarongo na Ruvubu, na sehemu ya maji hayo imepita katika vinamasi na maziwa madogo ya Rwanda na Burundi. Vinamasi hivyo hushika maji na kuyaachia taratibu. Mvua ya leo katika milima ya Burundi haionekani leo Rusumo. Mashine inayotazama siku ya jana tu itaikosa.

Mitandao ya mwanzo iliyobuniwa ili ikumbuke ilishindwa kwa sababu ya kihisabati: kosa lilipokuwa likirudishwa nyuma katika hatua nyingi za wakati, lilififia hadi kutoweka, kama sauti inayopita katika kuta nyingi. Hochreiter aliuchambua ufifiaji huo mwaka 1991, na mwaka 1997 yeye na Schmidhuber walipendekeza neva yenye ghala la ndani na malango. Lango moja huamua kipi kiingie ghalani, jingine kipi kitolewe. Lango la tatu, la kusahau, liliongezwa baadaye na Gers na wenzake ili ghala lisijae vitu visivyohitajika. Kwa mfano wa Rusumo, mashine ya namna hii yaweza kuishika mvua ya wiki kadhaa zilizopita na kuitumia wakati wake unapofika.

Mwaka 2017 Vaswani na wenzake walitoa muundo mwingine ambao hausomi mfuatano hatua kwa hatua. Huutazama wote kwa pamoja na kujifunza ni sehemu zipi za kuzingatia. Muundo huu ndio uliozaa mashine za lugha zinazovuma leo. Katika utabiri wa umeme umefanya vizuri mahali penye data nyingi. Penye data chache, njia nyepesi mara nyingi huushinda au hulingana nao, na gharama yake ni ndogo.

5.0 DATA NA MITEGO YAKE

Rusumo ilianza kuzalisha mwaka 2023. Kwa hiyo kumbukumbu za uzalishaji wake ni fupi mno kwa mashine yenye vizigeu maelfu kwa maelfu. Kuna njia tatu za kupunguza upungufu huo. Ya kwanza ni kutabiri mtiririko wa mto, ambao kumbukumbu zake ni ndefu zaidi, kisha kuugeuza kuwa umeme kwa kanuni ya fizikia. Ya pili ni kutumia data za hali ya hewa zilizoundwa upya kwa kuchanganya vipimo na mahesabu. Mkusanyo wa ERA5 wa kituo cha Ulaya cha utabiri wa hali ya hewa una thamani za kila saa tangu mwaka 1940, na ule wa CHIRPS una makadirio ya mvua tangu 1981. Ya tatu ni kuifundisha mashine kwanza kwa data za mito mingine, kisha kuimalizia kwa data chache za mahali husika.

Hata hivyo, uchache si mtego mkubwa. Mtego mkubwa ni maana. Namba iliyorekodiwa kuwa "uzalishaji" haisemi kila mara kile ambacho chanzo kingeweza kutoa. Mwezi Machi 2024, mvua zilipokuwa nyingi na mashine ya kwanza ya Bwawa la Julius Nyerere imekwisha kuingia, TANESCO ilizima mitambo ya baadhi ya vituo vya maji kwa sababu umeme ulizidi mahitaji. Katika kumbukumbu, siku hizo zinaonekana kuwa za uzalishaji mdogo. Mashine isiyoambiwa sababu itajifunza kwamba mvua nyingi huleta umeme kidogo. Hali kadhalika, mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana ilikamilika mwaka 2017, lakini njia ya kusafirisha umeme wake hadi Suswa ilikamilika Septemba 2018. Sufuri za kipindi hicho zilitokana na ukosefu wa nyaya. Upepo ulikuwapo.

Mtego huohuo upo upande wa mahitaji. Rekodi za miji iliyokuwa ikitumia jenereta ya dizeli, au iliyokuwa katika mgao, zinaonyesha umeme uliopatikana. Haziwezi kuonyesha umeme ambao watu wangeutumia kama ungekuwapo. Kijiji kilichokaa gizani saa nne hakikuwa na mahitaji sufuri kwa saa nne. Kama rekodi hizo zitatumika bila kusahihishwa, mashine itatabiri kwamba waliozoea kunyimwa hawahitaji kitu, na mipango itakayofuata utabiri huo itawanyima tena. Hapa ndipo suala la kiufundi linapogeuka kuwa la haki.

Upo pia mtego wa lugha na saa. Kwa Kiswahili siku huhesabiwa kuanzia mapambazuko, hivyo "saa 2 usiku" ni saa 20:00 katika mashine. Daftari la zamu lililoandikwa kwa mkono na kunakiliwa na asiyejua desturi hiyo laweza kusogeza kilele cha matumizi ya jioni hadi usiku wa manane. Zaidi ya hayo, Rusumo iko mpakani: saa za Rwanda na Burundi ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja. Data za pande mbili za daraja moja zikiunganishwa bila kusawazishwa, jua litaonekana kuchomoza mara mbili. Mashine haitalalamika. Itajifunza.

6.0 KUUPIMA UTABIRI

Utabiri usiopimwa hauna tofauti na ramli. Upimaji una masharti matatu.

Sharti la kwanza ni kwamba mashine ipimwe kwa siku zilizokuja baada ya zile ilizofundishiwa. Siku za mtihani zikichanganywa na siku za mafunzo, mashine itakuwa imeliona jibu kabla ya swali.

Sharti la pili ni kwamba ilinganishwe na utabiri wa kizembe kuliko wote: "kesho itakuwa kama leo". Chukuliwe kwamba utabiri huo wa kizembe unakosea kwa wastani wa megawati 2.0, na mashine inakosea kwa megawati 1.5. Faida halisi ya mashine ni robo moja. Kwa mto unaobadilika polepole, utabiri wa kizembe wa siku moja ni mgumu kushindwa, na msomi hana budi kuuliza kama gharama ya mashine inalipwa na faida hiyo. Kwa upeo wa wiki mbili hali huwa tofauti, kwa sababu hapo ukaidi wa "kesho kama leo" huvunjika.

Sharti la tatu ni kuchagua kipimo kinachofaa. Wengi hutumia wastani wa kosa kwa asilimia. Chukuliwe mfano wa kubuni wa kituo cha jua. Saa moja asubuhi kilitoa megawati 0.2, utabiri ulisema 0.4: kosa ni asilimia 100. Saa sita mchana kilitoa megawati 8, utabiri ulisema 6: kosa ni asilimia 25. Kwa kipimo cha asilimia, kosa la asubuhi ni baya mara nne. Kwa megawati, kosa la mchana ni kubwa mara kumi, na ndilo linaloweza kuzima mji. Usiku, uzalishaji ukiwa sufuri, kipimo cha asilimia hakihesabiki kabisa.

Aidha, makosa hayana uzito sawa kwa anayeyabeba. Utabiri ukizidi ukweli, umeme unapungua ghafla, na mwenye mashine ya kusaga au zahanati yenye jokofu la chanjo ndio wanaolipa. Utabiri ukipungua, gesi au dizeli huchomwa bila haja, na maji hupita bila kutumika. Kwa hiyo jibu la namba moja halitoshi. Mashine nzuri hutoa masafa: "kati ya megawati 18 na 25, kwa uhakika wa asilimia 90". Masafa hayo nayo hupimwa. Katika saa 100, ukweli unatarajiwa kutoka nje yake mara kumi hivi. Ukitoka mara 30, mashine inajiamini kupita kiasi.

7.0 ISTILAHI

Uundaji wa istilahi za Kiswahili una misingi iliyokwisha kujadiliwa, ukiwamo mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko uliotolewa na TUKI mwaka 1992. Sehemu hii haikusudii kurudia misingi hiyo. Inaonyesha mahali ambapo istilahi zinazotumika zinapotosha.

(a) Utabiri. Neno hili lina historia ya kidini na ya unajimu, nalo humfanya msikilizaji ategemee tamko lisilopingwa. Matumizi katika hali ya hewa yameshalizoesha, hivyo kulikataa ni kazi bure. Kinachopendekezwa ni kugawana kazi: utabiri liwe jina la shughuli nzima, kisio (wingi: makisio) liwe namba inayotolewa kuhusu wakati ujao, na kadirio (makadirio) liwe namba ya jambo lililopo lisilopimwa moja kwa moja.

(b) Ujifunzaji wa kina. Istilahi hii imeenea, lakini kina kwa Kiswahili cha kawaida ni sifa ya ubora. Kusoma kwa kina ni kusoma kwa makini na kuelewa. Msomaji hudhani kwamba mashine imetafakari. Katika taaluma hii kina ni idadi tu ya matabaka. Isitoshe, katika umeme wa maji kina tayari ni kipimo cha maji. Makala haya yanapendekeza ujifunzaji wa matabaka mengi, istilahi ndefu zaidi lakini inayotaja kinachofanyika.

(c) Mtandao. Katika mada hii neno hili lina maana tatu: mtandao wa umeme, mtandao wa neva na mtandao wa intaneti. Maana ya kwanza ina mbadala uliokwisha kukubalika, gridi. Ya tatu ina intaneti. Mtandao ubakie kwa neva.

(d) Uzito. Baadhi ya waandishi huita uzito ile namba ambayo neva huzidishia ingizo lake. Tatizo ni la kisarufi: uzito, kama nomino dhahania nyingi za kiambishi u-, haina wingi unaozoeleka, ilhali mtandao mmoja huwa na namba hizo kwa maelfu au mamilioni. Kizigeu (vizigeu), neno la aljebra ya shule, lina wingi wa kawaida na maana iliyo karibu kabisa. Ndilo lililotumika hapa.

(e) Mkondo. Neno hili hutumika kwa umeme na kwa maji. Katika andiko linalohusu mto na mtambo kwa pamoja, mtiririko utumike kwa maji.

Zaidi ya msamiati, kuna suala la sarufi ya shaka. Njeo ya wakati ujao yenye -ta- hutoa ahadi: "Rusumo itazalisha megawati 22." Kiswahili kina njia za kupunguza ahadi hiyo: huenda, yamkini, inatarajiwa, na masharti ya -nge-. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania imejenga mtindo wake wa kutaja msimu kwa masafa, kama vile "mvua za wastani hadi juu ya wastani". Mtindo huo umezoeleka kwa wakulima na unaweza kufuatwa katika umeme. Taarifa isemayo "makisio ya kesho ni megawati 18 hadi 25, katika siku kumi za makisio kama haya, moja yaweza kwenda nje" ni Kiswahili cha kawaida kabisa, na inamwachia msikilizaji uamuzi wake.

8.0 HITIMISHO

Makala yameonyesha kwamba utabiri wa umeme wa vyanzo mseto ni kazi ya dalili na vizigeu, ambayo mashine yenye matabaka mengi huifanya vizuri pale inapopewa mifano mingi na ya kweli. Katika ukanda wa Nyantakara, Biharamulo na Ngara, kazi ya kwanza kwa sasa ni kuandaa kumbukumbu: kuweka saa sawa pande zote za mto, kuandika sababu kila mashine inapozimwa, na kutenganisha mahitaji ya watu na mgao waliopewa. Uchaguzi wa mtandao wa neva unaweza kufuata baadaye.

Kwa upande wa lugha, imedaiwa kwamba istilahi inayotukuza mashine na njeo inayoficha shaka humnyima raia nafasi ya kujiandaa. Utafiti zaidi unahitajika katika mambo mawili: namna wasikilizaji wa vijijini wanavyoyaelewa maneno kama huenda na yamkini wanapoyasikia kando ya asilimia, na namna dhana hizi zinavyoweza kuelezwa kwa wasemaji wa Kisubi, Kihangaza na Kishubi, ambao ndio majirani wa karibu wa nyaya zitokazo Rusumo. Majibu ya mawili hayo yatamwezesha mwenye mashine ya kusaga kuamua jioni kama apokee mahindi ya kesho au awaambie wateja wake wasubiri.